Nishati Ilikwenda Wapi?

Ndugu msomaji, kidato cha nne nilipata F ya fizikia. Naanza na hiyo F kwa sababu bila yenyewe kisa hiki hakina kichwa wala miguu. Wenzangu wengi wanaoandika wanapenda kusema walifeli hesabu kwa vile akili zao zilikuwa kwenye mashairi. Mimi sina kisingizio hicho. Nilifeli kwa sababu kila swali la mgongano nililifanya kwa njia moja, na njia yenyewe haikuwa yake.

Kwa sasa nipo steshenari moja hapa Songea mjini. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, mikataba ya mashamba, ratiba za mazishi. Chini ya kaunta kuna daftari kubwa ambamo naandika riwaya yangu. Sura ya kwanza ya riwaya hiyo ina ajali, na ilikuwa na ajali tangu kabla kaka yangu hajapata ya kwake, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba namtumia ndugu yangu kutafutia jina.

Kaka ninayemsema ni mtoto wa mama mkubwa. Kwetu hakuna habari ya binamu, ni kaka basi. Aliendesha bodaboda. Jioni moja ya Juni, ile baridi ya Songea inayokufanya uvae masweta mawili, alikuwa akirudi mjini kwa barabara ya Mbinga. Kabla ya kufika Lizaboni kulikuwa na bajaji imesimama kwenye lami. Si pembeni ya lami, kwenye lami yenyewe. Kijana aliyekuwa akiiendesha alikuwa ameshuka kukaza kamba ya nusu gunia la mahindi. Kaka akaiingia kwa nyuma. Pikipiki ikajikita kwenye ubavu wa nyuma wa bajaji, mguu wa kaka ukabanwa katikati, bajaji ikalala, na vyote vitatu, yaani pikipiki, bajaji na kaka, vikaburuzika pamoja hadi vikasimama. Mwenye bajaji hakupata hata mchubuko. Mguu wa kaka ulivunjika sehemu mbili, ukawekwa vyuma.

Yaliyofuata unayafahamu kama umewahi kuishi mtaani. Vijiweni watu waligawanyika. Wa bodaboda walisema bajaji isimame vipi njiani bila taa? Wa bajaji walisema jamaa alikuwa anatembea kama kichaa. Wazee wa pande zote mbili wakakubaliana wakae, wayamalize kifamilia. Mama mkubwa akanijia dukani, akaniambia: "Wewe ndiye msomi wetu. Tuandikie kitu."

Msomi mwenye F. Lakini mtu akikuita msomi, hasa mama mkubwa aliyekulipia ada ya mwaka mzima, unavimba kichwa. Kesho yake asubuhi nilikwenda mahali pale na futi ya fundi. Mikwaruzo ilikuwepo bado, chuma kimechora lami kama chaki. Nikapima kutoka kilipoanza hadi kilipoishia: mita 4 kamili. Nikauliza kwa mafundi na wauza spea. Pikipiki ya aina ile ni kama kilo 120. Kaka mwenyewe kilo 65. Bajaji tupu inakaribia 350, jumlisha mahindi 65, zinakuja 415. Kwa hiyo kilichokuja kina kilo 185, kilichosimama kina kilo 415, na kilichoburuzika kwa pamoja kina kilo 600. Namba nzuri kweli, kama zimetungwa na mtunzi wa mitihani.

Sasa hesabu yangu ilikwenda hivi. Chuma kikiburuzika juu ya lami kavu, msuguano unakuwa kama nusu ya uzito. Kilo 600 zina uzito wa nyutoni 6,000, nusu yake 3,000, mara mita 4, unapata jouli 12,000. Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na lami hadi vyote vikasimama. Basi, nikasema, nishati haipotei. Hilo kila aliyepita sekondari analijua hata akiamshwa usingizini. Kama lami ilikula jouli 12,000, basi kaka alikuja na jouli 12,000. Nusu ya 185 mara kasi mara kasi iwe 12,000. Nikapata mita 11.4 kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6, inakuwa kilometa 41 kwa saa.

Arobaini na moja! Sheria inataka 50 kwenye makazi ya watu. Nilitamani kuruka. Nikaichapa ile hesabu ukurasa mmoja, mistari imepigwa, na jedwali la uzito katikati. Juu nikaandika "Taarifa ya Kitaalamu Kuhusu Kasi". Aliyeniruhusu kuiita hivyo sijui ni nani. Ni ile hali ya kukaa mbele ya printa: ukishachapa, hata uongo unapata pasi.

Kwenye kikao niliisoma kwa sauti. Wazee hawakuelewa jouli wala nyutoni, ila walielewa "arobaini na moja", na walielewa karatasi. Yule kijana wa bajaji alikaa kwenye benchi la mwisho, kofia mkononi. Naye si mwenye chombo, ni deiwaka tu, kila jioni ana hesabu ya kumpelekea tajiri. Alipoulizwa kama ana la kusema alisema hana. Ikaamuliwa atoe laki nne za kumtibu kaka, kwa mafungu. Fungu la kwanza, laki na nusu, alilitoa wiki ileile.

Nikatulia. Nikaendelea na riwaya. Mhusika wangu naye nikamwendesha kwa arobaini.

Baada ya kama mwezi aliingia dukani mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa fizikia, hakunifundisha mimi. Alitaka kopi za kadi yake ya pensheni. Nakala moja ya taarifa yangu nilikuwa nimeibandika ukutani kama mfano wa kazi tunazochapa. Ndiyo, niliibandika. Nilikuwa najivuna. Mzee akavaa miwani, akasoma polepole hadi chini, akarudia.

"Umeiandika wewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Imechapwa vizuri." Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, hizi jouli zote ulizoziingiza upande huu, zote zimetokea upande ule. Hakuna hata moja iliyobaki njiani. Sasa niambie, huyo ndugu yako mguu wake ulivunjwa na nini?"

Msomaji, niliwahi kuulizwa maswali mengi kuhusu fizikia, na mengi niliyasahau kabla ya kengele kulia. Hili nililisikia kwenye tumbo. Kwenye karatasi yangu pikipiki haikupondeka. Bajaji haikubonyea. Hakukuwa na mlio, na watu wa jirani wasingetoka nje. Nilikuwa nimeandika ajali ambayo haikuumiza mtu.

Mzee hakuwa na haraka. Nilimpa kiti. Alichukua karatasi iliyoharibika kwenye kopi akaanza kuchora nyuma yake, na saa nzima niliyokaa naye ilinifaa kuliko miaka minne. Sitaki kumsema vibaya mwalimu yeyote. Tulikuwa wengi, vitabu vichache, na maneno yote kwa Kiingereza, tukiyakariri kama majina ya watakatifu bila kuwajua wenyewe. Ila huyu alisema kwa Kiswahili: migongano iko ya namna mbili. Iko ya kudundana, kama golori mbili. Na iko ya kugandana, kama tope likirushwa ukutani. Katika kugandana, nishati mwendo haibaki yote. Sehemu yake inakwenda kwenye kukunja chuma, kwenye joto, kwenye kelele, kwenye mfupa. Haijapotea duniani, maana kweli nishati haipotei, lakini katika mwendo haimo tena, na wewe unayepima mikwaruzo huwezi kuiona barabarani.

"Kwa hiyo nitashika nini?" nikauliza.

"Shika momenta."

Uzito mara kasi (yeye angetaka niseme tungamo, naomba radhi). Hiyo haili chuma wala haivunji mfupa. Pikipiki ikiisukuma bajaji, bajaji inaisukuma pikipiki kwa nguvu ileile, kwa muda uleule, kwa kuelekea kinyume. Anachopoteza mmoja ndicho anachopata mwenzake, senti kwa senti. Haijalishi kitu kimebonyea namna gani. Nikamuuliza, na lami je, si nayo inavuta? Akasema inavuta, ila mgongano wenyewe ni kufumba na kufumbua, nguvu zake ni kubwa mno mbele ya msuguano, kwa hiyo katika kufumba na kufumbua huko lami hainyang'anyi kitu cha kuonekana. Lami inaanza kazi baadaye, kwenye zile mita 4, na ndipo momenta inapokwenda ardhini.

Basi kazi ni ya hatua mbili, na zisichanganywe. Tangu kugandana hadi kusimama, tumia nishati, maana hapo msuguano ndio unaofanya kazi peke yake. Kurudi nyuma ya kugandana, tumia momenta. Mimi nilikuwa nimeruka ukuta kwa nishati tupu.

Akanipa mfano wa Mwingereza mmoja, Benjamin Robins, aliyetaka kujua risasi inakwenda kasi gani wakati ambapo hapakuwa na chombo cha kuipima. Mwaka 1742 alichapisha njia yake: ning'iniza gogo zito, lipige risasi, risasi ibaki humohumo, kisha pima gogo limepanda kiasi gani. Kupanda kwa gogo unakufanya kwa nishati. Kuingia kwa risasi unakufanya kwa momenta. Ukikosea ukatumia nishati hadi kwenye risasi, utaona risasi inakwenda polepole kuliko ilivyo, tena mara nyingi. Hapo nilikuwa nimeshaelewa, na nilikuwa sitaki kuelewa.

Kilichonipa nguvu kidogo ni kwamba hawa wakubwa nao walihangaika. Descartes, yule wa Ufaransa, mwaka 1644 aliandika kanuni saba za migongano, na nyingi zilikuwa za makosa. Hakujali mwendo unaelekea wapi. Kwake kwenda mbele na kurudi nyuma vilihesabika sawa. Ikabidi watu wengine watatu, Wallis, Wren na Huygens, wapeleke kazi zao kwenye jumuiya ya wanasayansi ya London mwaka 1668 na 1669. Wallis ndiye aliyeshughulika na vitu visivyodunda. Halafu kukawa na ugomvi mrefu: kilicho muhimu ni uzito mara kasi, au uzito mara kasi mara kasi tena? Mholanzi 's Gravesande akaangusha mipira ya shaba kwenye udongo laini. Uliokuja kwa kasi mara mbili ulichimba shimo la mara nne. Émilie du Châtelet, mwanamke wa Ufaransa, aliuchukua ushahidi huo akautetea kwenye kitabu chake cha mwaka 1740. Huyo dada alimtafsiri Newton kwa Kifaransa akiwa mjamzito, na alifariki mwaka 1749 siku chache baada ya kujifungua. Tafsiri yake kamili ilitoka mwaka 1759, miaka kumi baadaye. Nimesimama kwake kidogo kwa sababu sisi tunaosubiri wahariri miezi sita tunalalamika sana.

Jibu la ugomvi ule ni kwamba vyote viwili ni vya kweli, kila kimoja na kazi yake. Momenta inakuambia nani alikuja na mwendo gani. Nishati inakuambia maumivu yalikuwa kiasi gani. Kasi ikiwa mara mbili, momenta ni mara mbili, lakini cha kuvunja mifupa ni mara nne.

Na hapo mzee akaitaja Igandu. Wa rika langu wengi tumeisikia tu kwa wazazi. Tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma, treni ya abiria yenye mabehewa 22 na watu zaidi ya 1,200 ilikuwa inapanda mlima, breki zikashindwa, ikaanza kurudi nyuma kwa kasi hadi ikagonga treni ya mizigo kwenye njia hiyohiyo. Walikufa watu 281. Mzee alisema taratibu, bila kuchora. Alisema treni ile haikuhitaji injini ili iue. Kimo cha mlima ndicho kilichogeuka kuwa mwendo, na ule mwendo ulipokatishwa ghafla haukuwa na pa kwenda ila kwenye mabehewa na waliomo. Kisha akakunja kopi zake, akalipa, akasema nimsalimie baba.

Usiku ule nilikaa na kikokotoo cha simu. Baada ya kugandana: msuguano nusu, mita 4, kasi ni mita 6.3 kwa sekunde. Momenta ya kilo 600 zote igawanye kwa kilo 185 za kaka na pikipiki yake. Mita 20.5 kwa sekunde. Kilometa 74 kwa saa.

Sabini na nne, kwenye kiza, karibu na nyumba za watu.

Sikukubali haraka, nakuambia ukweli. Nikashusha msuguano. Labda lami ilikuwa laini. Nikaweka 0.4, ikatoka 66. Nikaweka 0.3, ikatoka 57. Ili kaka ashuke hadi 50 ingebidi lami iwe imepakwa mafuta ya kula. Nikajaribu na uzito, labda bajaji ni nyepesi. Nilikuwa naibembeleza hesabu kama unavyombembeleza kondakta. Halafu nikatafuta kile alichoniuliza mzee. Kaka alikuja na jouli kama 38,900. Lami ilikula 12,000. Zilizobaki, karibu 26,900, ndizo zilizokunja bajaji na kuvunja mguu. Ni sawa na kunyanyua gunia la kilo 100 mita 27 kwenda juu. Na kilichonitia baridi zaidi ni hiki: kwa uzito ule, hata angekuwa anatembea kwa 20 au kwa 100, sehemu inayokwenda kwenye kuvunja ni ileile, asilimia 69. Ni 415 gawanya kwa 600, basi, kasi haimo. Kwa hiyo tangu mwanzo, kabla sijapima chochote, jibu langu la kutopoteza kitu lilikuwa haliwezekani.

Nilimwendea kaka kwanza. Alikuwa amekaa nje kwenye jua, magongo pembeni. Nikamweleza yote, momenta na gogo la Robins. Alinisikiliza hadi mwisho kwa upole ambao haukuwa wa kawaida yake.

"Sabini na ngapi umesema?"

"Sabini na nne."

"Mshale ulikuwa sabini na tano," akasema. "Niliuangalia kabla tu."

"Sasa mbona ulikaa kimya kwenye kikao?"

"Wewe ulikuwa na karatasi, mdogo wangu. Mimi nilikuwa na maumivu. Ningeanzia wapi?"

Hatukugombana. Ila nilibaki na hasira ambayo mpaka leo sijui ni ya nani. Yeye alijua akanyamaza. Mimi sikujua nikasema kwa sauti mbele ya wazee. Sijapata namna ya kuvipima hivyo viwili.

Mwenye bajaji nilimkuta kwenye kijiwe chao, anakula mihogo ya kukaanga. Aliponiona alidhani nimefuata fungu la pili, akaanza kujitetea kwamba mwezi ni mbaya. Nikampa karatasi mpya. Nilijitahidi kuifanya fupi, bila kichwa cha habari. Akaisoma, akaangalia jedwali, akakaa kimya. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Dada, na taa iko wapi humu?"

"Taa gani?"

"Taa yangu ya nyuma. Ilikuwa haiwaki tangu Jumatatu. Nilimwambia bosi, akasema mwisho wa wiki." Akageuza karatasi kana kwamba upande wa pili utakuwa na kitu. "Hapa umeandika kilo zangu, umeandika mita. Taa hujaandika."

Nikamwambia taa haiingii kwenye hesabu hii. Momenta haijui kama kuna mwanga. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, kama mtu aliyesikia bei ya kitu. Akaikunja karatasi mara nne akaiweka mfuko wa shati. Akaninunulia mihogo ya mia tano, na nilishindwa kuimaliza.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Niliomba niseme mwenyewe, nikasema nilikosea, nikaeleza kwa mfano wa tope na ukuta. Mzee mmoja alicheka akasema hata wasomi wanateleza. Mwenye bajaji akasema habari ya taa, kwa hiari yake, wala hakuna aliyemuuliza. Kaka akasema habari ya mshale. Wakaamua laki mbili na nusu zilizobaki zisidaiwe, na ile laki na nusu iliyotolewa ibaki, kwa ajili ya taa. Sijui waliipataje hiyo namba. Hakuna aliyetumia kikokotoo.

Mama mkubwa hakusema neno siku hiyo, wala siku zilizofuata. Juzi aliingia dukani kutoa kopi ya kitambulisho. Nikamwamkia, akaitikia. Nikatoa kopi mbele na nyuma. Alitoa mia tano, nikahesabu chenji yake nikaiweka kaunta, akaniuliza kama ile karatasi ya ukutani nimeitoa. Nikasema nimeitoa. Akaangalia pale ukutani, pana alama nne za gundi, akachukua kopi yake akaenda. Chenji aliiacha.

Nimeiweka kwenye bahasha. Nitampelekea Jumapili.